Nilimfufua Stelingi, Nikamfunga Wifi Yangu

Nimekosa, jamani. Nalisema hilo kwanza kwa sababu najijua: nikianza kusimulia nitajitafutia kivuli. Sikuiba mali ya mtu. Sikumroga mtu. Nilisema uongo kuhusu sinema.

Usicheke! Najua umecheka. Hata mimi ningecheka kama yasingenikuta. Jina langu nalificha, maana bado kuna watu Koboko wanaonisalimia kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyobaki.

Enzi zile za utawala wa wanajeshi nilikuwa nimeachika na kurudi kwa mama. Nilimkuta mke wa kaka yangu, Zaitun, ndiye anayeishika nyumba. Kaka yangu Rajabu alikuwa askari, na kikosi chake kilikuwa kusini, mbali. Mama miguu ilikuwa imemgomea. Zaitun ndiye aliyembeba kwenda kuoga, ndiye aliyempikia, ndiye aliyemchekesha. Na mgongoni alikuwa na binti yake mdogo, Hadija.

Mimi nilikuwa mtu wa njiani. Nilikuwa nanunua simsim Ludara na Lurujo, napanda nayo lori mpaka Arua, narudi na chumvi na sabuni, zikipatikana, maana siku hizo kipande cha sabuni kilitafutwa kama dawa. Na huko Arua, Jumamosi mchana, nikishamaliza soko, naingia sinema.

Wee! Nilipenda sinema kuliko kula. Ukumbi ule ulikuwa wa Mhindi. Wahindi walipofukuzwa akapewa mkubwa mmoja ambaye hakujua mikanda mipya inaagizwa wapi. Basi tukaangalia iliyoachwa, tena na tena: za ngumi, za farasi na bastola, za Kihindi za kutoa machozi. Lugha hatukuijua, tulifuata kwa macho. Na ukitoka huendi nyumbani moja kwa moja. Unasimama nje kubishana. Yule alipigwa kwa uzembe wake! Yule mama mkwe alistahili kutumbukia kisimani! Watu walishikana mashati kwa ajili ya mtu wa kwenye kitambaa cheupe.

Ila jambo moja hakuna aliyelibishia. Stelingi hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, ataibuka tu. Ndiyo sababu tulilipa kiingilio.

Koboko hakukuwa na ukumbi. Sinema yao ilikuwa mimi. Jumapili alasiri nikirudi, wanawake walijaa uani kwetu, kila mmoja na ungo wake wa simsim wa kuchambua, nami nasimulia kwa mikono na miguu. Wengi walikuwa wake za askari. Nao hawakukaa kimya kunisikiliza. Walihukumu! Jirani yetu Mama Sauda ndiye aliyekuwa hakimu mkuu.

"Huyo mwanamke iko mujinga," alikuwa akisema. "Mimi nilijua tangu mwanzo. Mwanaume anakuja na maua, hapana na unga? Weka yeye inje!"

Tunacheka mpaka simsim zinamwagika.

Lakini kulikuwa na jambo chini ya kicheko kile. Wanawake wale hawakuweza kuuliza habari za waume zao. Kwenda kambini kuuliza "mume wangu yuko wapi" ulikuwa mwanzo wa wewe nawe kuulizwa. Basi wakawa wanawaulizia watu wa sinema. Barua za Rajabu zilikuwa zimekoma muda mrefu, na Zaitun hakufungua mdomo juu ya hilo hata siku moja. Aliniuliza tu, huku akimbembeleza Hadija alale, "Wifi, yule askari wa sinema ya juzi, mwisho alionana na mama yake?"

Nikamwambia ndiyo, walionana. Hiyo ilikuwa kweli.

Sasa siku yenyewe. Nimesimama kwenye mstari wa tiketi Arua, kijana mmoja aliyevaa kiraia akanishika kiwiko. Nilimtambua, koplo wa kikosi cha Rajabu, mtoto wa Lurujo. Akanivuta pembeni, penye mabango ya sinema.

"Dada, Rajabu hapana iko tena," akasema, macho yake kwenye bango kama anayesoma. "Wakubwa walimuchukua yeye na wenzake. Mimi niliona mwili na macho yangu. Wewe ambia mama, ambia bibi yake, Zaitun. Lakini polepole. Kilio isisikike barabarani."

Akaondoka. Hata asante sikumwambia, kama habari ile inashukuriwa.

Utaniuliza, mtu aliyefiwa anaingiaje sinema? Nami nakuuliza, ningelilia wapi? Barabarani? Sokoni, mbele ya watu waliokuwa wakimtazama kila anayelia na kujiuliza analia nini? Ndani kulikuwa na giza, na ilikuwa sinema ya Kihindi. Mle ndani kila mtu hulia na hakuna anayekuuliza.

Sinema yenyewe ilikuwa ya askari. Yaani Mungu naye! Askari anaagana na mke wake, anakwenda vitani. Mke anangoja. Katikati jenereta likazimika kama kawaida yake, watu wengi wakasonya na kutoka. Tukabaki wachache. Nyuma yangu alikuwa Faustini, fundi cherehani, Mkongomani wa Aru, ng'ambo ya mpaka wa Zaire, ambaye siku za soko huleta cherehani yake Koboko kwenye baraza la duka. Alinisikia ninavyolia. Akanipitishia kitambaa begani.

"Pole, dada. Hii sinema inauwa mutu," akasema.

Jenereta likawaka. Tukaona mwisho. Stelingi alikufa! Alikufa darajani, kweli kweli, hakuibuka. Mkewe akavaa nyeupe, na sisi tuliokua na Wahindi wa madukani tulijua nyeupe ile ni ya mjane. Akaivaa, akaivaa, siku zikapita. Halafu mwalimu wa shule akaja kumposa, na mama wa marehemu mwenyewe ndiye aliyemvua ile nyeupe, akamvika nyekundu. Mama mkwe analia, bibi arusi analia, na mimi kitambaa cha Faustini kimelowa chapachapa.

Usiku wote kwenye nyumba ya wageni nilijipanga jinsi ya kusema. Nilipanga kweli, wallahi. Kesho yake nikafika nyumbani, nikamkuta Zaitun amepiga magoti anamkanda mama miguu kwa mafuta ya simsim. Mama amefumba macho kwa raha. Kabla sijatua mzigo, Mama Sauda na wenzake wakaingia na nyungo zao.

"Leta sinema!"

Nikaanza. Nikafikiri: nikiisimulia kama ilivyo, nikifika mwisho nitamshika Zaitun mkono, ataelewa, na wenzake watakuwepo wa kumshika. Nikasimulia kuagana. Nikasimulia kungoja. Nikafika darajani. Zaitun akaacha kukanda.

"Wifi," akasema, "akarudi?"

Nikamtazama. Nikamtazama na mama.

"Akarudi," nikasema.

Loo! Vigelegele vilipigwa uani kwetu mpaka wapita njia wakadhani kuna ndoa. "Stelingi hafi!" akapiga kelele Mama Sauda. Zaitun alimvuta mtoto wake, akaficha uso mgongoni mwake, na mabega yake yakawa yanatikisika kwa furaha. Sijapata kumpa mtu zawadi iliyopokewa vile.

Nikajiambia, nitasema kesho. Kesho ikawa kesho kutwa.

Hapo ndipo nilipokosa, na sitaki kujipamba. Siku ya kwanza ilikuwa huruma, na hofu pia: matanga ya mtu ambaye wakubwa hawajasema kuwa amekufa yangeweza kutuletea gari mlangoni. Hayo mawili ningeweza kumwambia hata kadhi. Lakini kulikuwa na la tatu. Kwetu, mume akifa na mke akamaliza eda yake, ana ruhusa ya kurudi kwa wazazi wake au kuolewa. Zaitun akiondoka, nani atambeba mama kwenda kuoga? Ni mimi binti, niliyeachika, nisiye na mtoto. Kwaheri lori. Kwaheri Arua. Kwaheri sinema zangu!

Nilimfanya mwanamke mzima kuwa mke wa maiti ili mimi niendelee kukaa gizani Jumamosi mchana. Haya, nimelisema.

Na uongo ule haukunipa hata raha. Juma lililofuata wakaja tena. Mama Sauda aliwahi kuona televisheni kwenye mesi ya kambi, akawaeleza wenzake kwamba kuna hadithi za kukatwa vipande, kila juma kipande. "Na hii iko ile ile! Lazima iko na kipande ingine. Alirudi, haya, alikuta nini nyumbani?"

Ningesema imeisha. Lakini Zaitun alikuwa amekwisha kuketi mbele, mtoto mapajani, macho yananitazama. Nikatunga. Nikasema alirudi amejeruhiwa, hakujulikana. Juma jingine nikasema alitekwa tena njiani. Nikawa na stelingi wangu mwenyewe ambaye hajawahi kupigwa picha na mtu yeyote, na wanawake wa Koboko wakawa wanamjadili kama mtoto wao.

"Huyu anachelewa sana," Mama Sauda akalalamika. "Mimi ningeolewa na polisi."

"Wewe huna subira," Zaitun akamjibu. "Mwanamke wa kipande cha juzi alingoja, na aliheshimiwa."

Kila alipotoa maoni yake, kamba ilinikaza shingoni. Nikienda Arua siioni tena sinema iliyo mbele yangu, nawaza kipande cha kesho. Narudi na lori nikitunga. Nikasema, juma hili nitamuua huyu stelingi. Nafika uani, Zaitun ananipokea mzigo, ameninyunyizia maji mbele ya mlango vumbi litulie, amenipikia. Namuuaje?

Ndipo Faustini akaingia. Alikuwa mtu mpole, Mkristo, lakini alikuwa tayari kusilimu, nilikuja kusikia baadaye. Alikuwa akimshonea Hadija magauni kwa vipande vilivyobaki. Hakumgusa Zaitun, hakumwita pembeni. Alimwambia mchana kweupe kwenye baraza la duka kwamba, ikiwa mume wake hayupo tena, yeye angependa kuja kwetu kumposa.

Zaitun akamwambia anangoja, kama yule mke wa askari wa sinema. Faustini akashangaa.

"Lakini ule mwanamuke hakungoja mpaka mwisho. Niliiona. Bwana alikufa. Akavaa nyeupe, kisha wakamuvalisha nyekundu. Mimi ni fundi, mama, nguo siwezi kusahau."

Zaitun alikuja nyumbani mbiombio, na Faustini nyuma yake, na soko zima nyuma ya Faustini. Wakanikuta uani. Mama ameketi kwenye mkeka wake.

"Wifi," Zaitun akasema, anahema, "fundi anasema stelingi alikufa. Wewe unasema alirudi. Mmoja anasema uongo. Nani?"

Wanawake wakanigeukia. Na hapo, jamani, ulimi wangu ulipata njia bila hata mimi kuutuma.

"Fundi," nikasema, "si ulitoka jenereta lilipozimika? Wengi walitoka. Mwisho hukuuona."

Faustini alinitazama. Kitambaa chake nilikuwa nacho bado, nimekifunga kiunoni na funguo zangu, na aliona. Alijua kuwa najua. Neno moja tu kutoka kwake ningekuwa nimevuliwa nguo mbele ya Koboko nzima.

Lakini fikiria alivyosimama. Alitaka mke nyumba ile. Na anayetaka mke nyumba fulani hashindani na dada wa nyumba hiyo. Hamjibu, hamwiti mwongo uani kwake mbele ya mama yake; akifanya hivyo amejifungia mlango mwenyewe. Watoto wa kwetu wanalijua hilo kabla ya kujua kuchunga, na huyu, mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka, alilijua pia. Mimi nilijua kwamba analijua. Ndiyo maana nilithubutu.

Akashusha kichwa. "Kama dada anasema nilitoka," akasema, "basi nilitoka."

Wanawake wakamzomea. Mama Sauda akamwambia ashone suruali, sinema awaachie wenyewe.

Zaitun hakumzomea. Alimwambia taratibu, "Mtu anayenibadilishia mwisho wa sinema ili anioe, akishanioa atanibadilishia nini?"

Siku chache baadaye Faustini aliacha kifurushi dukani kwa ajili yake. Lilikuwa gauni jekundu. Zaitun alilirudisha bila kulikunjua. Fundi akapakia cherehani yake, akarudi Aru, na hakuonekana tena soko la Koboko.

Miaka ikaenda. Mama alifia mikononi mwa Zaitun, akiuliza kama Rajabu amepata likizo. Hakumlilia mtoto wake hata chozi moja, kwa sababu mimi nilimnyima. Hata baada ya mama kufa, wakati sina tena kisingizio cha mgonjwa, sikusema. Ningeanzia wapi? Uongo ukikaa sana unakuwa na heshima zake kama mzee wa nyumba. Zaitun alianza kuota mvi za kwanza pembeni mwa masikio, akiwa bado anapanga vipande vyangu kichwani: huyu alipitia wapi, yule alimficha nani.

Kisha vita vikaja vikipanda kaskazini, serikali ikaanguka, na sisi wa Koboko tukakimbia kabla hatujaulizwa tumetoka familia gani. Tukavuka mpaka na magodoro kichwani. Huko upande wa Zaire, si mbali na Aru, kwenye foleni ya maji, nani anatokea? Koplo wa Lurujo! Amekonda, anachechemea. Akaniona, akamwona Zaitun, akavua kofia.

"Bibi ya Rajabu," akasema, "pole tena. Ile siku nilikuwa nataka kuja mwenyewe, lakini ilikuwa hatari. Ndiyo nikaambia dada pale mulango ya sinema."

Zaitun akauliza, "Ulimwambia nini?"

Koplo akanitazama mimi. Mimi nikatazama ndoo. Akaelewa, maskini, na alikuwa amekwisha kusema. Ikabidi amalizie.

Sikuwahi kuona mtu anayepokea msiba vile. Hakulia. Aliketi chini pale pale kwenye tope, akanyoosha miguu, akawa anatazama watu wakichota maji. Hadija, sasa msichana, akamshika bega. Akaniuliza, bila kugeuka, "Wifi. Na ile sinema, iliishaje?"

Nilijua hapakuwa na pa kukimbilia.

"Alikufa darajani," nikasema.

"Na yeye? Mke?"

"Alivaa nyeupe. Kisha mama mkwe akamvika nyekundu."

"Basi fundi hakudanganya," akasema. Ndipo alipolia. Na nikuambie, hakulia kwa sauti ya kumlilia Rajabu. Alimlilia Faustini, kwa neno alilomwambia uani.

Kesho yake alitembea mpaka Aru peke yake. Alimkuta fundi ana mke na watoto, cherehani ile ile. Alimwomba msamaha barazani, mbele ya mkewe, akarudi kabla jua halijazama. Nilimuuliza alijibiwa nini. Akasema alijibiwa "haina neno", akapewa maji ya kunywa.

Kisha akafunga mzigo wake na wa Hadija, akaenda kuwatafuta ndugu zake waliokimbilia Sudan. Nilimfuata barabarani nikimlilia, nikamwambia nipige, nitukane, lakini sema nami. Akageuka.

"Ungeniambia tu, wifi," akasema. "Mama ningemlea hata hivyo. Ningekaa."

Hilo ndilo linalonila mpaka leo. Angekaa! Kwa kujua, kwa hiari yake, na huenda fundi angehamia kwetu, na mama angekuwa na mkwe wa kumshonea kanga. Mimi nilijenga ukuta kumzuia mtu ambaye hakuwa anakimbia.

Ndugu yangu unayesoma, wa kike au wa kiume: ukiwa na habari ya mtu, mpe. Usimpikie. Usiseme unamhurumia, jiulize kwanza unafaidika nini akiwa hajui. Kama imeisha vibaya, sema imeisha vibaya, na umwache mwenye kulia alie. Machozi yana mwisho wake. Kungoja hakuna.

Watu waliopita huko wameniambia Zaitun yu hai, Hadija ameolewa, na wana televisheni. Wanasema sinema ikianza wajukuu humwita, naye husimama mlangoni kwanza, anauliza, "Mwisho wake uko namna gani?" Wasipomwambia, haketi.